Uzoefu wangu: nimejenga ZX Spectrum kwenye Tang Nano 9K kwa zana huria tupu

Wadau, kuna watu wanauliza sana kama hizi zana huria za FPGA, yaani Yosys (inageuza maelezo ya saketi kuwa vijisakiti vya chipu), nextpnr (inavipanga na kuviunganisha ndani ya chipu) na ukoo wao wote, zinamfaa mtu wa kawaida mwenye laptopu ya kawaida au ni za maprofesa tu. Mimi nimezitumia kwa miezi kadhaa kujenga ZX Spectrum, ile kompyuta ya Uingereza ya 1982, kwenye bodi ndogo ya FPGA ya Tang Nano 9K, kwahiyo nasema nilichokiona.

Kwa asiyejua, FPGA ni chipu iliyojaa vijisakiti vidogo vidogo vinaitwa LUT, na wewe ndo unaamua viungane vipi, kwahiyo badala ya kuandika programu ya kuigiza kompyuta ya zamani unaijenga kompyuta yenyewe, na prosesa yake na saketi yake ya picha. Tatizo la miaka yote lilikuwa kila kiwanda kinaficha muundo wa lile faili la mwisho linaloingia kwenye chipu, so utake usitake unatumia programu yao. Mwaka 2015 jamaa wa Project IceStorm wakafumbua chipu za iCE40 za Lattice, baadaye ikaja Project Trellis kwa ajili ya ECP5, chipu nyingine za Lattice, halafu Project Apicula kwa chipu za Gowin, na Tang Nano 9K inatumia chipu ya Gowin, ndo maana bodi rahisi kama hii leo inakwenda bila programu ya kiwanda hata moja.

Kuinstoli ni kitu cha kwanza kilichonifurahisha, kuna kifurushi kinaitwa OSS CAD Suite, ni MB mia kadhaa tu, unakifungua kwenye folda, unaendesha faili moja la mazingira kwenye terminali, umemaliza. Hakuna akaunti, hakuna leseni ya kuombea kwa imeili, hakuna kuanzisha kompyuta upya. Programu za viwanda vingine zinakula makumi ya GB na kwa sisi wa bando hiyo ni habari nyingine kabisa. Laptopu yangu ni ya RAM 8GB na haijawahi kulalamika, kujenga mradi mzima tangu Yosys mpaka faili la mwisho kunaisha chap, na hiyo spidi ndo inafanya uthubutu kujaribu mambo.

Sasa twende kwenye nyama yenyewe. Kwa prosesa nilichukua TV80, hii ni Z80, prosesa ya Spectrum, iliyoandikwa kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, Yosys inaisoma bila maneno. Chipu ina LUT 8,640 na Spectrum nzima haikufika hata nusu. Kinachobana sio LUT, ni RAM ya ndani. Kuna bloku 26, kila moja ukiitumia kwa baiti inakupa 2KB, jumla 52KB. Spectrum ya 48K inataka ROM 16KB na RAM 48KB, hiyo ni 64KB, haiingii hata ufanyeje! Ila Sinclair, kampuni iliyoitengeneza Spectrum, walikuwa wanauza na ya 16K, hiyo inataka 32KB tu, bloku 16, na zinabaki 10 za kuchezea. Nikajenga hiyo. Ndani ya chipu kuna PSRAM, RAM nyingine kubwa, ya 8MB pia lakini kuiendesha ni mradi mwingine kabisa, usianze nayo.

Angalizo kwa atakayejaribu, Yosys itaweka RAM yako kwenye bloku pale tu usomaji utakapofuata saa (mpigo wa clock ya chipu), yaani uwe ndani ya always @(posedge clk). Ukiandika usomaji wa papo hapo itajaribu kuijenga RAM nzima kwa vijisakiti vya kawaida, 16KB ni biti 131,072, hapo nextpnr itakuambia hakuna nafasi na utadhani bodi ni kimeo.

Picha nayo ina hesabu tamu. Kioo cha HDMI kinataka 640x480, Spectrum ni 256x192, ukiizidisha mara mbili ni 512x384, kwahiyo inabaki bodaa ya pikseli 64 kila upande na 48 juu na chini, imekaa vizuri utafikiri walipanga. Kristali ya bodi ni megahezi 27, unaipitisha kwenye PLL, saketi ya kupandisha mpigo wa saa, inakuwa 126, ukigawa kwa 5 unapata 25.2 ya pikseli, ukigawa tena kwa 7 unapata 3.6 ya prosesa wakati Spectrum halisi ni 3.5. Karibu sana, sauti ya bipu inapanda kidogo tu, mwenye sikio atajua. Kinachoudhi zaidi ni kwamba skrini inakwenda mara 60 kwa sekunde na ile ya asili ilikuwa 50, so gemu zinazosubiri interapti ya skrini (ishara inayomstua prosesa kila picha mpya) zinakimbia kwa asilimia 20 zaidi, na kuna gemu ambazo hapo unakufa tu kabla hujajua unafanya nini.

Kabla ya kuweka chochote kwenye bodi pitisha kwenye Verilator, inayoigiza saketi yako kwenye kompyuta, kisha ufungue mawimbi ya ishara zake kwa GTKWave. Hapa ndipo nilipoipenda hii kitu kwelikweli. Unaona prosesa inaamka anwani 0000, inachota F3, halafu AF, halafu 11 FF FF, halafu C3 CB 11, yaani zima interapti, sifurisha rejista A, jaza rejista DE, ruka anwani 11CB, ROM ya 1982 inafanya kazi mbele ya macho yako baiti kwa baiti. Na ukiipeleka kwenye bodi unaona skrini nyeusi yenye vistari vyembamba vyekundu vilivyosimama, hiyo ni ROM inajaza RAM yote na namba 02 kuikagua, vinafutika, skrini inakuwa nyeupe na chini kabisa kunatokea © 1982 Sinclair Research Ltd. Aisee. Halafu ile ROM sio ya kuiba, Amstrad walioinunua biashara ya Sinclair 1986 waliruhusu isambazwe pamoja na emuleta.

Kwa kibodi cha kuandikia nilichukua cha PS/2 cha mtumba Kariakoo, ila kinafanya kazi kwa volti 5 na pini za chipu zinataka 3.3, weka rezista.

Mabaya sasa. Kodi nyingi nzuri za kompyuta za zamani zimeandikwa kwa VHDL, lugha nyingine ya saketi, na Yosys yenyewe ni ya Verilog, unapitia GHDL, zana ya kusoma VHDL, na hapo mambo yanaanza kuwa mtihani. Masharti ya saa kwenye nextpnr bado ni ya kimsingi, inakuambia saa yako inaweza kufika megahezi ngapi na neno PASS au FAIL, basi, ukitaka zaidi ya hapo ujipange. Maelekezo ya Apicula ni machache, mara nyingi utasoma mifano yao na kukisia. Na kwenye Windows openFPGALoader, programu ya kupeleka faili kwenye bodi, haioni bodi mpaka ubadilishe draiva kwa programu ya Zadig, bora Linux.

Na kama lengo lako ni kucheza gemu tu, kiukweli achana na haya, tafuta MiSTer, ile inatumia bodi ya DE10-Nano na ina mamia ya gemu na mashine zilizokwisha kujengwa, ila kodi zake zinajengwa kwa programu ya kiwanda. Au weka emuleta kwenye simu, bure. Ukitaka 48K kamili bila kuhangaika na PSRAM tafuta ULX3S, bodi ya ECP5 ya jamaa wa Croatia, inazidi dola 100 lakini ina SDRAM ya 32MB, na kuna siri moja, ile ya bei ya chini yenye chipu ya 12F ndani yake ni silikoni ile ile ya chipu kubwa ya 25F, zana huria zinakufungulia LUT zote kama 24,000.

Halafu wengi wanalia bodi imesahau kila kitu wakichomoa kebo: openFPGALoader bila -f inaandika kwenye SRAM tu, inayofutika umeme ukikatika, weka -f iende kwenye flashi, inayobaki.