Kikapu cha Sokoni au Mikoko ya Tudor: Jukumu Lipi la Familia Mwezi Huu?

Familia ya Mombasa inayotaka kujiwekea jukumu dogo la mwezi ina njia mbili zilizo karibu: kwenda Marikiti na kikapu chake, au kupanda mikoko kwenye hori ya Tudor. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini vifungashio vingine vimebaki, na ndiyo maana kikapu cha ukindu, pamoja na bakuli lenye kifuniko la kutilia mbaazi za asubuhi, bado vina kazi.

Mikoko inadai zaidi. Mbegu yake, ndefu kama rula na iliyokwisha kuchipua ikiwa ingali mtini, huchomekwa topeni maji yakiwa yamekupwa, hivyo familia hulazimika kufuata bahari badala ya saa ya ukutani (na viatu vizuri vibaki nyumbani). Faida yake huwafikia wengi, kwa kuwa mizizi hushika udongo na kuwahifadhi samaki wachanga ambao wavuvi huwategemea baadaye.

Kwa mwezi wa kwanza ningechagua kikapu, kwani hutumika kila siku, na bakuli la pili la mbaazi humfikia jirani mzee bila nauli. Mikoko ningeiacha hadi likizo, tena chini ya kikundi cha wenyeji wanaojua mahali panapofaa.