Mafuta ya karafuu ya Kariakoo: nunueni mafuta, karatasi ya malaria msiifuate

Mafuta ya karafuu yanayouzwa kwenye kiduka kimoja cha mtaa wa Swahili, Kariakoo, ndiyo mazuri kuliko yote niliyowahi kununua hapa Dar. Lingekuwa duka la ovyo ningepita zangu. Naandika kwa sababu bidhaa ni nzuri na nyuma ya muuzaji kuna karatasi inayoweza kuua mtoto.

Nianze na mafuta. Mwenye duka ni mzee wa Kipemba, na kazi yake anaijua. Mama mmoja aliyenitangulia alikuja na chupa ya plastiki, mzee akakataa kummiminia. "Hapana mama, hii inakula plastiki. Chukua ya kioo, chupa nakupa bure." Ni kweli kabisa: sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, nayo hulainisha na hata kuyeyusha plastiki za aina fulani.

Zamu yangu ilipofika nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Haya ni ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, au ya karafuu yenyewe?"

"Marahaba mwanangu. Ya makonyo. Ya karafuu yenyewe yapo, ila bei yake mara mbili."

Wauzaji wengi mjini watakuapia kwamba yote ni ya karafuu yenyewe. Huyu alisema ukweli bila kubanwa, kisha akachukua glasi ya maji akadondosha tone moja. Likazama moja kwa moja, likatulia chini, la mviringo, manjano iliyokolea. Akadondosha la mchaichai, likaelea. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo ukiona yanaelea ujue yamechanganywa na kitu, mara nyingi mafuta ya kula. Kipimo hicho kifanyeni hata nyumbani. Kwa jino linalouma, tone moja kwenye pamba linatuliza mpaka umfikie daktari wa meno, ambaye naye hutumia eujenoli hiyohiyo akiichanganya na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Sasa ile karatasi. Imebandikwa ukutani juu ya chupa za mchaichai: "Huamsha kinga ya mwili, hutambua vimelea vya malaria na kuvimaliza. Paka, jifukize, kunywa matone matatu."

Kazi yangu ni maabara ya zahanati, Temeke. Slaidi za malaria ndizo ninazoshinda nazo kwenye hadubini, kwa hiyo hapa sitanyamaza. Kinga ya mgonjwa wa malaria haijalala. Inapigana, tena kwa nguvu, ila adui anaikwepa. Kimelea wa malaria aitwaye Plasmodium falciparum akishaingia kwenye seli nyekundu ya damu hutandaza juu ya seli hiyo protini iitwayo PfEMP1. Ana jeni zipatazo 60 za kuitengeneza, na kwa kawaida hutumia moja tu kwa wakati mmoja, kama mwanamke mwenye sanduku la kanga 60 anayejifunga moja. Mwili ukishatengeneza kingamwili za kuitambua ile ya leo, tayari wapo vimelea waliojifunga nyingine. Ndiyo maana watoto wetu huugua tena na tena, na kinga huja polepole kwa miaka, wala haiwi kamili.

Protini hiyohiyo huzigandisha seli zenye vimelea kwenye kuta za mishipa midogo, zisipite kwenye bandama zikaharibiwa. Kwenye slaidi huwa naona vimelea wachanga tu, wenye umbo la kipete. Wakubwa wamejibanza ndani, pengine kwenye ubongo. Damu ya kidoleni haionyeshi mzigo wote.

Na homa yenyewe inadanganya. Vimelea hupasua seli kila baada ya saa 48 hivi, homa ikapanda, kisha ikashuka. Mama akimpaka mtoto mafuta jioni, asubuhi mwili umepoa, atasema amepona. Huyo ndiye tunayeletewa amelegea, degedege limeshaanza.

Kijana anayemsaidia mzee alinibishia kwa adabu: "Dada, mbona dawa ya mseto nayo imetoka kwenye majani?" Swali zuri sana. Ni kweli, atemisinini, chanzo cha sehemu kuu ya dawa ya mseto, ilitoka kwenye mmea wa Artemisia annua. Lakini Tu Youyou na wenzake kule China, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliona kuchemsha kunaiharibu, wakaitoa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia, kwenye joto dogo, ikasafishwa, ikapimwa kwa wanyama na watu, dozi ikajulikana. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Dawa hiyo humuua kimelea akiwa ndani ya seli, haijali kanga aliyovaa. Mafuta ya mimea mengi huua vimelea kwenye kisahani cha maabara, ila hilo halisemi kwamba mafuta ya kupaka au kujifukiza yatafika kwenye damu kwa kiwango cha kutosha.

Mchaichai wenyewe unafukuza mbu, tena vizuri, kwa muda mfupi, maana sitrali, kiini cha harufu yake, hupeperuka upesi. Paka jioni ukiwa kibarazani, chandarua kibaki palepale.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema karatasi ililetwa na aliyemuuzia chupa. Nilipopita tena bado ilikuwepo. Mzee wangu, nakuomba uibandue. Duka lako halihitaji uongo wa mtu mwingine.

Chupa ya makonyo ya mililita 10 ni shilingi 7,000, na lipa namba ipo. Msipake ngozini bila kuchanganya na mafuta ya nazi, yanaunguza. Wekeni mbali na watoto: kuyanywa, hata kidogo, kumewahi kuharibu ini la mtoto mdogo.