Apache OpenOffice: nimekaa nayo steshenari tangu 2014, sasa nauliza kwa nini bado haijapumzishwa

Wadau habari zenu. Kuna mtu juzi aliniuliza OpenOffice, ile programu ya bure ya kuchapa na kupiga hesabu kama Microsoft Office, bado inafaa au aachane nayo, nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa ndefu, bora niiandike hapa mara moja na wengine wafaidike.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Morogoro, sio mbali sana na stendi ya Msamvu. Kompyuta tano, printa mbili na mashine ya fotokopi ambayo ina tabia zake. Kazi ni zile zile mnazozijua, CV, barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha nyumba, risala za harusi, na wanachuo wakitoka fildi ni ripoti usiku na mchana. Nilipofungua 2014 sikuwa na hela ya Microsoft Office halali kwa mashine tano, na ile ya kuchakachua nilikuwa naiogopa maana jamaa yangu mmoja aliiweka akapata virusi mpaka flashi za wateja zikawa zinatoka na shotikati tupu. Fundi akaniambia weka OpenOffice, ya bure, halali, haina maneno. Nikaweka toleo la 4.1, lilikuwa bado jipya kabisa, limetoka Aprili mwaka huo huo.

Niseme ukweli, imenilisha. Ni nyepesi, faili la kuidaunlodi ni chini ya nusu ya lile la LibreOffice, ndugu yake mwingine wa bure, na kwa mtu anayeishi kwa bando hilo sio jambo dogo. Inafunguka kwenye mashine chovu. Menyu zake ni zile za zamani, hazijifichi, mtu aliyejifunzia Word ya 2003 anakaa anachapa bila kuuliza. Kugeuza PDF ni kitufe kimoja kipo pale juu. Calc yake, ile ya majedwali ya hesabu, nimefanyia hesabu za duka miaka yote hiyo na haijawahi kunidanganya jumla.

Shida ni kwamba ile niliyoiweka 2014 na iliyopo leo ni kama ile ile. Sisemi kwa kukuza. Imetoka 4.1.1, 4.1.2, ikaenda hivyo hivyo mpaka 4.1.15 ya Desemba 2023 na 4.1.16 ya Novemba 2025, tarakimu ya tatu ndiyo inayosogea, zile mbili za mbele zimeganda. Ni viraka vya usalama na kurekebisha vijikosa. Mpaka leo ukifungua faili la docx, yaani aina ya faili la Word za siku hizi, inafungua, lakini ukitaka kulisevu liwe docx hiyo nafasi haipo, inakupa doc ya zamani au odt yake. Na dunia nzima sasa hivi inatumiana docx.

Hii docx ilishaniumbua. Alikuja mwalimu mmoja, mzee wa makamo, anataka barua ya uhamisho. Nikamchapia vizuri, nikampa nakala mbili, akasema nitumie na kwenye simu ili nikitaka kubadilisha tarehe nibadilishe. Nikamtumia. Kesho yake saa mbili asubuhi hata sijafagia kibarazani yupo mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kijana, barua yangu umeifunga na nini? Simu inasema haiijui."

Nikaangalia, kumbe nilimtumia odt, nimesahau kuibadilisha. Kosa langu, wala sitamsingizia mtu. Nikamsevia upya iwe doc, jedwali la vituo alivyofundisha likahama kulia likatoka nje ya karatasi, nikakaa dakika ishirini nalipanga na yeye amesimama nyuma yangu ananisomea tahajia. Mia tano yake nilimrudishia. Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za hii programu, nijue ni mimi nisiyejua kuitumia au ni yenyewe imezeeka.

Kwa kifupi historia yake iko hivi. Ilianza Ujerumani ikiitwa StarOffice, kampuni ya Sun ya Marekani ikainunua 1999, mwaka uliofuata Oktoba wakamwaga kodi yake (code, yale maandishi ya mafundi yanayounda programu) hadharani ndio ikawa OpenOffice.org. Na sisi waswahili tumo humo, wengi hawajui. Mwishoni mwa 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, chini ya mradi wao wa Kilinux. Mi nilivyoligundua hilo nilikaa kimya kidogo, maana siku zote nilikuwa nafikiri vitu hivi vinatoka huko vimeshaiva sisi tunakula tu.

Halafu 2010 kampuni ya Oracle wakainunua Sun. Wachangiaji wakaingiwa na wasiwasi, Septemba mwaka huo huo wengi wao wakajimega wakaanzisha taasisi yao, The Document Foundation, na programu yao, LibreOffice. Oracle wakabaki na jina na nyumba tupu, Juni 2011 wakaikabidhi kwa Apache Software Foundation, shirika linalolea miradi ya programu huria. Ni kama mgahawa maarufu, wapishi wote wamehamia mtaa wa pili, lakini kibao cha zamani kimebaki juu ya mlango wa zamani na wageni bado wanaingia kwa kufuata kibao. Na wanaingia kweli, Apache wenyewe 2020 walihesabu imedaunlodiwa zaidi ya mara milioni 300. Asilani huwezi kuita hicho kitu kimekufa kwa upande wa wateja. Jikoni ndiko hakuna mtu.

Kuna jambo lingine linalozidi kuwaumiza, leseni. Leseni ya Apache inaruhusu LibreOffice wachukue kitu chochote kizuri cha OpenOffice wakitie kwao, lakini OpenOffice hawawezi kuchukua cha LibreOffice wakakiweka chini ya leseni yao. Ule upau wa pembeni mzuri uliotoka OpenOffice 4.0 mwaka 2013, uliotokana na kazi ya IBM, LibreOffice nao wakauchukua. Kwa hiyo ni bomba linalotiririka upande mmoja tu, we unadhani fundi mwenye akili ataenda kuchota maji upande gani?

Sasa tuje kwenye kupumzishwa. Hili sio wazo langu, lilishajadiliwa na wao wenyewe. Julai 2016 lilitangazwa tundu la usalama kwenye Impress, sehemu yake ya slaidi, yaani mtu anaweza kukutumia slaidi zenye ubaya ukifungua tu umeliwa, na toleo la kuliziba halikuwepo. Agosti wakatoa kiraka cha kupachika kwa mkono, uingie kwenye folda la programu uhamishe faili la zamani uweke jipya, hebu mfikirie yule mwalimu wangu anafanya hilo. Toleo kamili, 4.1.3, lilikuja Oktoba. Hapo katikati, mwezi wa tisa, aliyekuwa mwenyekiti wa mradi, Dennis Hamilton, akaandika wazi wazi kuwa wafungaji goli wamekwisha, watu wenye uwezo wa kuandika kodi na kutoa matoleo ni wachache mno, na akaorodhesha kuipumzisha kungehusisha nini: kodi iende wapi, daunlodi zibaki wapi, jina na nembo ashike nani, wateja waambiwe nini. Mi namvulia kofia huyo jamaa. Kusimama mbele ya familia useme mgonjwa hali yake sio nzuri tujadiliane mapema, hiyo inataka moyo. Lakini kelele zikawa nyingi, wengine wakasema unatuzika tungali hai, na mradi haukufungwa.

Apache wana sehemu maalum ya miradi iliyostaafu, wanaiita Attic, yaani darini, wameifungua 2008. Kule mradi haufutwi. Kodi inabaki ya kusoma tu, matoleo ya zamani yanabaki, anayetaka kuufufua anaweza akauchukua. Kipimo kikubwa cha kupelekwa huko ni kama mradi hauna tena angalau wanakamati watatu wa kuusimamia, kwa sababu kutoa toleo kunahitaji kura tatu za ndiyo. Na OpenOffice watatu wa kupiga kura wanapatikana, tena wanazidi. Kwa hiyo kwa kanuni za mwenye nyumba huyu mpangaji yuko sawa, pango analipa, hakuna wa kumtoa.

Mi hapo ndipo ninapogomba. Kipimo cha watu watatu kinafaa kwa yale madudu yanayotumiwa na mafundi wenzao, fundi akikuta mradi umelala anajua kusoma dalili, anaangalia tarehe ya kodi ya mwisho anaondoka zake. OpenOffice wateja wake ni mimi na yule mwalimu. Sisi hatuangalii kodi, tunaangalia jina. Mtu akiambiwa kuna Office ya bure anaenda kuandika "open office" anaipata hii, anafurahi, hajui kuna ndugu yake ana nguvu, anasevu docx, anatoa matoleo mapya kila mwaka na hata kamusi ya tahajia ya Kiswahili anayo. LibreOffice waliwaandikia barua ya wazi Oktoba 2020, OpenOffice ilipokuwa inatimiza miaka 20, wakawaomba jambo moja tu, waambieni watu wenu kwamba sisi tupo. Tangazo hilo halikutoka. Binafsi niliona hiyo ndiyo njia ya heshima kuliko hata kuifunga, bango moja tu mlangoni, tumehamia pale. Kila duka linalohama hapa Moro linabandika karatasi, hata fundi cherehani wa mkabala na mimi alipohamia Kihonda aliandika kwa mkaa ukutani, mpaka leo wateja wake wanasoma.

Najua kuna watakaosema hao wanaobaki wanajitolea, hawalipwi, usiwapangie. Sawa. Na kweli bila wao yale matundu ya usalama yasingezibwa kabisa, nawashukuru, sipigi vijembe. Ila kujitolea ni kitu kimoja, na kushika jina linaloaminiwa na mamilioni ya watu wasiojua kinachoendelea ni kitu kingine.

Nyota? Kama programu ya kuchapa barua na kuiprinti hapo hapo, tatu. Kama kitu cha kumshauri mtu aanze nacho leo, moja, na hiyo moja ni ya kumbukumbu. Ukiwa na mashine yenye Windows 10 kwenda mbele au Linux yoyote weka LibreOffice, bando litauma siku moja tu. Mafaili yako ya odt yote yatafunguka bila shida, mi nilihamisha folda zima la wateja wa miaka kibao na kilichonisumbua ni fonti mbili tatu.

Mashine zangu nne nimeshazihamisha. Imebaki ile ya kona, ina Windows XP na haijaunganishwa na intaneti, nimeiacha kwa sababu ile printa ya zamani ya karatasi kubwa inaielewa yenyewe tu, na LibreOffice waliacha kuihudumia XP baada ya toleo la 5.4. OpenOffice bado inaikubali. Kwa hiyo risala za harusi bado zinachapwa na mzee huyo, na kijana wangu wa dukani nimemwekea karatasi juu ya kioo: USISEVU ODT, ULIZA KWANZA.