Uzoefu wangu: nimelipia Dungeons & Dragons Mji Mkongwe, nikaambiwa mbishi

Jina la mkahawa silitaji. Nimelipia kiti jioni nzima kwenye huu mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, chai na maandazi ndani yake (maandazi baridi), na nimetoka nimefura. Nyota moja.

Nimpe haki yake kwanza. Gemu masta yule, yaani msimulizi anayeongoza mchezo, ni fundi. Hakutuletea theluji na misitu ya Ulaya. Alitujengea mji wa pwani wenye ngome ya mawe mfano wa ile ya Pujini, na mtawala kama Mkama Ndume, ambaye wazee wa Pemba husimulia kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Meza nzima ilinyamaza tukimsikiliza.

Tukapigana na walinzi juu ya ukuta. Mpiganaji wetu alikatwakatwa akabakiwa na pointi moja ya uhai. Tukalala. Kanuni inasema ukipumzika masaa 8, pointi zote zinarudi, na kweli alfajiri jamaa yuko kidete utadhani hajaguswa.

Tunaingia nyumba ya kwanza tu, bibi anamlilia mwanawe. Kijana jambia limempita pajani, hajainuka kitandani tangu msimu wa karafuu, kidonda kinanuka, chumba kimejaa moshi wa ubani, waganga wameshindwa. Dada aliyekaa ubavuni kwangu alifuta machozi kwa mtandio.

Nikauliza kwa adabu zangu zote: "Kaka, kwani huyu kijana hapati usingizi?"

Watu wakacheka. Gemu masta akanitazama juu mpaka chini: "Bi mkubwa, ubishi wa barazani kauache barazani. Hapa watu wanacheza."

Bi mkubwa, mimi! Na mbele za watu!

Swali langu lilikuwa la maana, yakhe. Mchezo huu ulitoka mwaka 1974 ukitokana na michezo ya vita ya mezani, ndiyo maana kitabu chake kinajua kupima pigo kuliko kitu chochote. Sasa ukishasema usingizi unaponya jambia, watu wa mji huo wanalijua hilo tangu utotoni. Upo pia uganga wa kumrudisha maiti kabla haijapita dakika moja tangu afe, kwa almasi ya thamani ya sarafu 300 za dhahabu. Haya, katika mji wa wafanyabiashara, tajiri gani atatoka nje bila almasi kibindoni? Mahari ingetajwa kwa almasi! Na kama kuna mchawi anayerusha moto unaomeza futi 20 kila upande, nani atajenga vichochoro vya kubanana na kuezeka makuti? Vita ndiyo vingeuchora mji. Na kama kanuni hizo ni za mashujaa peke yao, si aseme, tujue kwa nini sisi tumeumbwa hivyo na yule kijana hakuumbwa.

Hilo ningemwambia, lakini alishageukia upande wa pili, dadu linazunguka.

Tatizo ni kwamba hasira ikinipanda, anayenijia ni yule bibi. Mapigano yenyewe ya ukutani siyakumbuki vizuri, ilikuwa kuhesabu tu, toa sita, ongeza mbili, zamu ya nani. Bibi namsikia mpaka leo. Basi ningekuwa mimi, bibi angebaki, kanuni ndiyo ningeitupa nje. Ningetangaza mapema: mji huu jeraha haliponi kwa usingizi, hata la mpiganaji wenu. Wallahi ule ukuta tungeupanda tunatetemeka, na pengine tusingeupanda kabisa, tungetafuta mtu wa kumhonga mlangoni. Mchezo ungekuwa mtamu mara mbili.

Kwa hiyo ile nyota moja naipandisha, ziwe tatu, ya nne ameila mwenyewe kwa mdomo wake. Kurudi sirudi, labda akiongoza mtu mwingine. Au arudi yeye, lakini aombe radhi kwanza.

Na kama kuna aliyebaki mezani usiku ule, tafadhali aniambie: yule kijana alipona?