Sindano ya Adrenalini Ughaibuni: Uzoefu Wangu wa Bei na Upatikanaji

Mwanangu ana mzio mkali wa karanga, na tangu mwaka 2016 hatutoki nyumbani bila sindano mbili za adrenalini, dawa ya dharura ya shambulio la mzio, mkobani, zile za kujidunga zinazofanana na kalamu. Nimezinunua Ohio, nimezichukua Leicester, na nimezitafuta Dar es Salaam nisizipate.

Marekani ndiko nilikoumia. Boksi la sindano mbili za chapa ya EpiPen, ambalo mwaka 2007 liliuzwa takriban dola 100, lilikuwa limefika takriban dola 600, na bima yetu haikuanza kulipa mpaka sisi wenyewe tuwe tumetoa maelfu ya dola kwanza. Nilisimama kwenye kaunta ya duka la dawa nikihesabu kodi ya nyumba kichwani, huku mfamasia akinisubiri kwa upole. Nilizichukua. Mwaka uliofuata nilimwomba daktari aandike kwenye cheti jina la dawa badala ya chapa, nikazipata kwa karibu nusu ya bei ile. Dawa ni ileile na kipimo ni kilekile, kwa hiyo aliye Marekani namsihi aanzie hapo.

Tulipohamia Uingereza mwaka 2018 sikulipa chochote, kwa kuwa England mtoto wa chini ya miaka 16 hupata dawa za cheti bure. Hata hivyo, mwaka huohuo EpiPen ziliadimika, nikapiga simu maduka manne kabla ya kupewa Jext, chapa nyingine ya sindano hizo, badala yake. Nashukuru muuguzi alinikalisha chini akanifundisha upya, maana EpiPen hushikiliwa pajani kwa sekunde 3 na Jext kwa sekunde 10, na mtu aliyezoea moja anaweza kuikosea nyingine.

Likizo ya Dar es Salaam ndiyo iliyonifundisha zaidi. Shangazi alipakua mchicha bila kujua kwamba mpishi ameuunga kwa karanga, na baada ya vijiko viwili midomo ya mtoto ilivimba, sauti ikaanza kukwaruza. Nilimlaza, nikachomoa kifuniko cha buluu, nikakandamiza ncha ya rangi ya chungwa pajani juu ya suruali mpaka ikalia, nikahesabu hadi tatu kwa sauti ili nisiharakishe. Dakika chache baadaye aliniita. Tulimpeleka hospitali papo hapo, kwa sababu nguvu ya dawa huisha na shambulio laweza kurudi, na huko walimweka chini ya uangalizi hadi usiku.

Kesho yake, kuanzia Kariakoo mpaka Masaki, hakuna duka nililoingia lililokuwa na sindano ya aina hiyo. Adrenalini yenyewe ipo hospitalini, katika vichupa vya kioo vya miligramu 1, lakini hiyo huhitaji bomba la sindano na mkono wa mtu anayejua kupima. Tulimaliza siku kumi na moja tukiwa na sindano moja tu.

Sasa tunasafiri na nne, pamoja na barua ya daktari kwa ajili ya uwanja wa ndege. Hazikai kwenye friji wala ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kila asubuhi natazama kidirisha cha kila sindano kuhakikisha kwamba dawa haijageuka rangi.