Kutoka TB 1 hadi TB 4: nilivyobadilisha diski ya DVR ya nyumbani

Kama una kamera nne nyumbani na fundi alikufungia DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) yenye diski ya TB 1 (terabaiti 1, yaani GB 1,000), ingia kwenye sehemu ya kutazama rekodi, urudi nyuma uone inaishia siku gani. Yangu ilikuwa inaishia siku ya tano. Halikunisumbua mpaka Desemba, tulipokwenda Moshi kula sikukuu na ndugu, tukarudi Dar mwaka umeshageuka na pampu ya kisima haipo. Kamera ya nyuma inakitazama kisima usoni kabisa. Lakini siku pampu ilipoondoka ilikuwa imeshafutwa, kwa sababu DVR ikijaa inafuta rekodi za zamani na kuandika mpya juu yake.

Fundi aliyefunga mfumo alikuwa na jibu moja: nunua upya. "Bosi, hizi zimepitwa na wakati, nikuletee seti nzima." Zimepitwa na wakati vipi, wakati sura ya mtu aliyesimama getini usiku naiona vizuri? Kilichopungua ni nafasi tu. Nikaamua kutafuta diski kubwa na kuifunga mwenyewe.

Kwanza nilipiga hesabu, na ndiyo iliyoniokolea hela. Kamera ya 1080p (picha ya HD kamili) iliyowekwa kurekodi megabiti 4 za data kwa sekunde inakula kama GB 43 kwa siku. Kamera nne ni zaidi ya GB 170. TB 1 ukiigawa hapo unapata siku tano na ushee, sawasawa na nilichokuwa nakiona. TB 4 inakupa siku 23 hivi. Nikafungua kitabu cha DVR kuona mwisho wake: inapokea diski moja, isizidi TB 6. Usiruke hatua hii, hasa kama mashine yako ni ya siku nyingi, kwa maana zipo za zamani zisizoitambua diski inayozidi TB 2, na dukani hakuna atakayekuuliza una DVR gani.

Kariakoo nilikutana na ile kauli ya "diski ni diski tu, kaka". Kijana alinitolea diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani, bei nafuu, ukubwa uleule. Hapo ndipo nisipokubaliana na wauzaji wengi. Chukua mfano wa kampuni ya Seagate: BarraCuda, ambayo ni ya kompyuta, imekadiriwa kuwaka saa 2,400 kwa mwaka na kubeba kazi ya TB 55, yaani data inayoandikwa na kusomwa kwa mwaka. SkyHawk, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, imekadiriwa saa 8,760, yaani mwaka mzima bila kuzimwa, na kazi ya TB 180. Sasa GB 170 zangu za kila siku ukizizidisha kwa siku 365 unapata zaidi ya TB 60. Diski ya kompyuta ingekuwa imeshapitiliza kipimo chake kwa kuandika peke yake, na kwa saa za kuwaka ndiyo usiseme. WD (Western Digital) nao wana WD Purple kwa kazi hiihii, waranti miaka 3 kama SkyHawk. Nilichukua Purple kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa dukani ikiwa bado kwenye mfuko wake uliofungwa. Tofauti ya bei na ile ya kompyuta ipo, ila si ya kukukosesha usingizi.

Kabla sijalipa, namba ya diski niliiingiza palepale kwenye ukurasa wa waranti wa WD, kwa simu. Muuzaji alinuna kidogo, lakini ndiyo namna. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani iligundulika kuwa diski za Seagate zilizotumika zilikuwa zinauzwa madukani kama mpya, kumbukumbu ya saa zilizotumika ikiwa imefutwa. Kama Ujerumani wanapigwa, sisi tukae macho.

Kufunga kwenyewe ni kazi ndogo kuliko unavyofikiri. Bisibisi ya nyota, mfuniko wa DVR unatoka, diski imeshikwa na skrubu nne kwa chini, nyaya mbili: moja ya data, moja ya umeme. Zote zina umbo linaloingia upande mmoja tu. Chomoa umeme kwanza, na usiziguse saketi za diski kwa vidole. Vumbi nililolikuta ndani nalo lilistahili brashi.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi ni adapta. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inavuta karibu ampia 1.8 kwenye volti 12. Adapta yangu ilikuwa imeandikwa ampia 1.5. Ile diski ndogo ya zamani ilikuwa inavumilia, lakini kwa hii sikutaka kubahatisha, nikaweka ya volti 12 ampia 3. Ukiona DVR inajizima na kujiwasha baada ya kubadilisha diski, usikimbilie kulaumu diski. Angalia adapta.

Ukiwasha, diski mpya haitarekodi mpaka uifomati (uiandae kupokea rekodi) kwenye menyu ya DVR, na hapo utaombwa nenosiri la msimamizi. Nyumba ngapi hapa mjini nenosiri hilo analo fundi, mwenye nyumba hana? Lipate kabla hujafungua skrubu hata moja, na ukishaingia, libadilishe. Fundi ni mtu mwema, lakini sebule ni yako. Baada ya kufomati, hakikisha kipengele cha kuandika juu ya rekodi za zamani kimewashwa, la sivyo diski ikijaa kurekodi kunasimama, na DVR inaweza isikwambie.

Kilichonifurahisha kuliko diski yenyewe ni kitu kilichokuwa bure. Kamera zilikuwa zimewekwa H.264, namna ya zamani ya kubana video. DVR inakubali H.265, mpya zaidi na inayobana zaidi, hakuna aliyewahi kuigusa. Nilibadilisha, nikashusha hadi megabiti 2, nikalinganisha picha za usiku getini: macho yangu hayakuona tofauti, namba ya gari bado inasomeka. Siku 23 zikawa kama 46. Kusema kweli, kwa asiyehitaji zaidi ya wiki moja na nusu, mpangilio huo peke yake ungetosha na TB 1 ileile, bila kununua chochote. Anza hapo.

Kuna wanaoshauri kurekodi pale tu kitu kinapotembea, ili kubana nafasi. Nilijaribu, nikaacha. Msimu wa mvua kumbikumbi wanapita mbele ya lenzi usiku kucha, na buibui ana mapenzi ya ajabu na kamera ya getini. DVR inadhani kuna maandamano. Nimerudi kurekodi muda wote.

Hadi sasa diski ni kimya na joto lake, kwa ninavyoliona kwenye menyu, halijavuka nyuzi 50, ingawa DVR iko juu ya kabati na Dar ni Dar. Lawama yangu kubwa ni mfuko wa plastiki usio na boksi wala karatasi ya maelezo. Na umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, weka UPS (betri ya akiba) hata ndogo, kwa sababu hilo hakuna diski inayolipenda.

Diski ya zamani usiichomeke kwenye kompyuta ukitarajia kuona video. Windows mara nyingi itaiona kama tupu na kukuuliza kama uifomati. Klipu unazozitaka zitoe kwa flashi kupitia DVR kabla hujaibadilisha. Yangu niliifuta kabisa, nikamwuzia jirani mwenye kamera mbili, tukamwekea H.265, na sasa anapata zaidi ya wiki tatu kwenye TB 1 hiyohiyo iliyokuwa inanipa mimi siku tano.