TAHADHARI: oili ya CVT ya bei ya kutupa inayozungushwa gereji za Mombasa

Wenye Note, X-Trail, Fielder, Axio na Honda Fit zenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kawaida), someni hii kabla hamjamwaga oili ya giaboksi.

Kuna jamaa anazunguka kwenye gereji za kisiwani na Changamwe na makopo ya lita 4 yenye maandishi ya Kijapani. Bei yake haifiki nusu ya dukani, na kauli yake ni moja: "Hii yaingia otomatiki yoyote." Kopo ni la kweli, limeokotwa. Ndani mna ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, ya kupima kwenye pipa. Mimi ni fundi wa giaboksi, na magari aliyoyapitia huishia kwangu.

CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili, na kati yake mkanda wa chuma wenye mamia ya vipande vyembamba. Kila puli ni koni mbili zinazotazamana. Presha ya oili ikizisogeza karibu, mkanda hupanda ukingoni. Zikiachana, huzama katikati. Hivyo ndivyo mwendo unavyobadilika bila gari kushtuka. Lakini mkanda huo haushikwi na meno yoyote. Umebanwa tu, chuma kwa chuma, na oili ya CVT hutengenezwa ili vyuma hivyo vishikane bila kulana. ATF ni ya klachi na gia za meno. Ukiitia hapo mkanda huteleza na kuchuna puli, unga wa chuma huingia kwenye valvu, presha hushuka, na mkanda huteleza zaidi.

Gari halifi siku hiyo, ndiyo maana jamaa bado anatamba. Utaona baadaye ukipanda Mazeras: wakanyaga, injini yanguruma, gari haliendi. Ukimrudia atakwambia CVT zote ni mbovu, kisha akuuzie giaboksi ya mtumba. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira.

Nissan hutaka oili ya NS-2 au NS-3, Toyota TC au FE, Honda HMMF au HCF-2, kutegemea modeli, na hazichanganywi. Nunua pale mwenye duka atakapokupa risiti, ufungue kopo mwenyewe. Sili ya ndani ikiwa imebandikwa tena kwa gundi, rudisha.

Wenye Prius na Fielder haibridi, giaboksi yenu nayo huitwa CVT lakini haina mkanda wala puli hizo. Jamaa akija na hadithi ya mkanda kulegea, mfukuzeni.

Kama umeshatiliwa oili hiyo, usiliendeshe gari, livutwe. Kumwaga mara moja hakutoshi, kwani nyingine hubaki ndani ya tokikonveta, kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili. Imwagwe na kujazwa tena na tena. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ifunguliwe ukiwa umesimama pale, uzione sumaku zake. Zikiwa na vipande vya chuma badala ya tope laini, usitie pesa zaidi kwenye oili. Giaboksi ifunguliwe kwanza.